Barua Tano, Nafasi Nne

Ponce, 11 Juni 2018

Shangazi Zoraida,

Naomba baraka yako. Natumaini goti limepungua kuuma na kwamba yule jirani yako wa tarumbeta ameshahama. Huku hatujambo. Umeme nyumbani Adjuntas ulirudi mwezi wa nne, lakini ni wa kubahatisha. Juzi mama aliwasha mashine ya kufulia, ukakatika, nguo zikakaa majini mpaka jioni, naye akasimama pale anautukana umeme kama mtu aliyemkosea. Bibi mzaa mama anakusalimu na anauliza utakuja lini. Nimemwambia Krismasi. Usiniangushe.

Najua utasema simu siku hizi inashika, kwa nini sipigi. Tangu kile kimbunga cha Septemba iliyopita kituzoeshe kuandika nimegundua kitu: kwenye simu unanikatiza, kwenye barua huwezi.

Sasa kilichonileta. Mwezi wa tisa natuma maombi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Kila hospitali inakubali barua nne za mapendekezo, si zaidi. Mimi nina watu watano waliokubali kuniandikia, na sijui nimwache nani. Kuna Daktari Irizarry, mkuu wa idara ya watoto hapa chuoni. Kuna Daktari Matos, aliyenisimamia wodini, mwanamke mkali, aliwahi kunitoa nje mbele ya wenzangu kwa sababu sikujua dozi. Kuna Daktari Pellman wa huko bara, Marekani, nilikaa naye mwezi mmoja, anataka niandike mwenyewe yeye atie saini tu. Kuna Daktari Toledo, mpasuaji, ambaye kusema kweli ananipenda kuliko ninavyostahili. Na kuna Daktari Escalera wetu wa Adjuntas, niliyefanya naye kazi zahanati baada ya kimbunga.

Wewe umekaa miaka kumi na tisa katika ofisi inayopokea barua hizi. Nisaidie. Majibu yakitoka mwezi wa tatu nikakosa nafasi, mwaka mzima umekwenda na maji, na mama hana nguvu za kuningoja mwaka mwingine.

Mwanao,
Anaís

*

Allentown, 2 Julai 2018

Anaís,

Mungu akubariki, mwanangu, akulinde na wapasuaji. Goti linauma vilevile. Jirani hajahama, ila sasa amejifunza wimbo wa pili, kwa hiyo tunapumzika ule wa kwanza. Krismasi nitakuja. Mwambie wifi yangu aanze kutafuta majani ya migomba ya kufungia pasteles, zile za ndizi na nyama, maana mwaka jana hakukuwa na hata mgomba mmoja uliosimama na nilikula za dukani nikasikitika mpaka Februari.

Kwanza, usiombe hapa kwetu. Jina lako likitua mezani kwangu itabidi niseme ni binti wa kaka yangu, kisha watu watanong'ona, na mimi nikinong'onwa nanuna. Hospitali ziko nyingi.

Pili, hao watu wako. Daktari Irizarry simsemi. Barua zake zinapita mikononi mwangu na mimi sifungui mdomo kuhusu kilicho ndani ya faili la mtu. Ila ukiniuliza kama huwa nina haraka ya kuzifungua, sina. Matos mchukue, haraka, kabla hajabadili mawazo. Mtu aliyekutoa nje kisha akakubali kukuandikia anaaminika. Pellman, usimwandikie. Utajisifu kwa aibu na itasomeka baridi kama ugali wa jana. Mpelekee ukurasa mmoja wa mambo uliyofanya mbele yake, atunge mwenyewe, si ana mikono? Toledo ni sawa, lakini asisifu vidole vyako sana, watu wa watoto watauliza kwa nini usiende kushika kisu.

Escalera ndiye bora wa wote, ila umuonye. Akiandika kwa mtindo wetu ataharibu. Namjua tangu nikiwa na miaka kumi. Atasema wewe ni binti wa familia njema, mtiifu, mnyenyekevu, unaheshimu wakubwa. Kwetu hiyo ni sifa mpaka mama analia. Huku wakisoma "mtiifu" wanaelewa huna lako kichwani, na wakisoma "familia njema" wanaelewa hakupata kingine cha kusema. Mwambie aandike jambo moja ulilolifanya, siku gani, mahali gani, nani alikuwepo. Mwambie Zoraida amesema.

Ukipata nafasi, niandikie pia kidogo kuhusu siku za mwisho za baba yako Miro. Mlisema alilala asiamke. Sawa. Lakini ni kaka yangu, na mimi nilikuwa huku najaribu simu usiku na mchana bila mtu kupokea. Nataka kujua alikula nini, alisema nini. Vitu vidogo.

Shangazi yako,
Zoraida

*

Ponce, 19 Agosti 2018

Shangazi,

Baraka yako. Mama ameshapata migomba miwili ya jirani na anailinda kama benki. Bibi alianguka bafuni lakini hakuvunjika kitu, iliyovunjika ni ndoo.

Barua za Matos, Toledo na Pellman zimeingia kwenye mfumo wa maombi. Siwezi kuziona, unajua, nimesaini kwamba sitazisoma kamwe, ila naona alama kwamba zimefika. Ya Irizarry iliingia dakika arobaini baada ya kumwomba. Nimekuelewa.

Ya Escalera haipo. Nilipanda Adjuntas Jumamosi kumuuliza. Alikuwa anamfunga mtu bendeji, hata hakunitazama, akasema, "Nimeshaituma, binti, tena kwa mtu wa kuaminika." Nikamuuliza mtu gani, inatakiwa iingie kwenye kompyuta kwa namba niliyompa. Akasema, "Wewe nenda kasome." Maneno yako yote nilikuwa nimeshampa mwezi wa saba, kabla hajaandika. Alicheka sana akasema Zoraida tangu mtoto ni mtu wa kuamrisha.

Hospitali zinaanza kupokea maombi tarehe kumi na tano Septemba. Nina wasiwasi.

Kuhusu baba, nitaandika nikitulia.

Anaís

*

Allentown, 30 Agosti 2018

Anaís,

Mungu akubariki.

Mtu wa kuaminika ni mimi. Escalera amenitumia huku barua ya kukupendekeza, kwa posta, mikurasa miwili ya mkono, na kikaratasi juu: "Zoraida, ninyoshee Kiingereza kisha uitie kwenye hiyo kompyuta yenu." Yeye anaona ofisi zote za madaktari za Marekani ni ofisi moja, na mimi ndiye nimekaa mlangoni.

Siwezi kuitia. Mimi ni ndugu yako. Ikijulikana imepita mkononi mwangu, wewe utaonekana mdanganyifu na mimi nitafukuzwa kazi. Nimemrudishia leo na maelezo hatua kwa hatua, na nimemwambia amtafute yule msichana wa maktaba ya Adjuntas amsaidie kuipandisha. Kiingereza sikukigusa.

Usiniulize nilichokisoma.

Zoraida

*

Ponce, 17 Septemba 2018

Shangazi,

Naomba baraka, hata kama umenuna. Barua yako haikuwa na goti wala jirani, nikajua umenuna.

Juzi nimetuma maombi kwa hospitali ishirini na sita, nikiwa na barua tatu: Matos, Toledo, Pellman. Nafasi ya nne nimeiacha wazi. Ya Escalera bado. Ya Irizarry ipo, naweza kuitia sasa hivi kwa kidole kimoja, lakini ukishaitia haitoki tena. Wenzangu wananiona mwendawazimu. Yaritza, ninayeishi naye, kaniambia, "Hivi wewe unamngojea mzee asiyejua hata kuwasha kompyuta, na mkuu wa idara umemweka benchi?" Nikafunga kompyuta.

Shangazi, najua sitakiwi kuuliza na nimesaini. Lakini Escalera ni mtu wa kutia chumvi. Kama amegusia mambo ya zahanati siku zile, usichukue kila neno. Alikuwa na siku tisa hajalala. Kuna vitu aliviona nusu.

Ikifika, niitie au niache? Niambie hilo tu. Ndiyo au hapana.

Anaís

*

Allentown, 8 Oktoba 2018

Anaís,

Mungu akubariki, na safari hii namaanisha.

Ndiyo. Itie.

Nina la kukiri kwanza. Barua ya Escalera ilinifikia tarehe ishirini na moja Agosti. Nilikuandikia tarehe thelathini kwamba nimeirudisha leo, na kweli niliirudisha siku hiyo. Sikukuambia kwamba ilikaa siku tisa kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Ningeirudisha palepale ingewahi. Umeingia mwezi wa tisa na barua tatu kwa sababu yangu, si kwa sababu ya mzee. Umlaumu nani? Mimi.

Nimesoma maelfu ya barua hizi. Sijawahi kusoma inayomsifu mtu hivyo, wala inayonichoma hivyo. Nilichokisoma sikwambii, umesaini, na neno lako liwe neno. Lakini kuna swali moja halihusu barua, linanihusu mimi, na nina haki nalo.

Kaka yangu alifia wapi?

Zoraida

*

Ponce, 20 Desemba 2018

Shangazi,

Baraka yako. Mama ameumia kwamba hukuja. Alikufungia pasteles ishirini na nne, ziko kwenye friza zina jina lako, na hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Alisema, "Zoraida ana kazi nyingi," kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Barua ya Escalera iliingia tarehe mbili Oktoba. Yako iliponifikia tu, niliitia kote. Wiki mbili baadaye simu zikaanza. Nimeitwa usaili sehemu kumi na moja. Kabla ya hapo nilikuwa na nne. Nimeshakwenda saba, nimezoea kuvaa koti la watu wa baridi na kula kuku mkavu wa mikutano.

Swali lako nimelisoma. Halijanitoka hata siku moja. Nikianza kuandika nachana karatasi.

Heri ya Krismasi.

Anaís

*

Adjuntas, 27 Januari 2019

Shangazi,

Naomba baraka. Leo sitaanza na habari za nyumbani, wote wazima.

Baba hakufia nyumbani. Alifia zahanati, kwenye benchi la nje, siku ya kumi baada ya kimbunga. Uongo ule wa kulala ni wangu, mama aliufuata tu. Kabla ya kimbunga wewe ulinipigia ukasema, "Mwangalie kaka yangu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho uliyoniambia kabla simu hazijakatika. Ningekuandikia nini?

Ilikuwa hivi. Escalera alikuwa ndani, mimi mlangoni nagawa namba. Tulikata maboksi ya dripu tukaandika namba kwa kalamu ya wino, maana watu walikuwa wanagombana. Escalera alisema hakuna ndugu, hakuna rafiki, aliyezidiwa anaingia, wengine kwa namba. Baba alikuja na gari la jirani. Akasema ana gesi tumboni, inapanda kifuani. Alikuwa amekula mikate mikavu na soseji za kopo, ndiyo jibu la swali lako la mwaka jana. Nilimtazama nikaona jasho. Nilipaswa kusema kwa sauti, huyu aingie sasa hivi. Niliona haya, Shangazi. Watu wote walikuwa wanajua ni baba yangu. Basi nikafanya kwa kificho: nilikuwa na namba ya nne mfukoni, aliyepewa alikata tamaa akanirudishia akaondoka. Nikamtia baba mkononi nikamwambia, "Kaa karibu na mlango, usimwambie mtu."

Kisha nikaitwa nyuma kuosha kidonda cha mguu. Nilikaa huko kama saa nzima.

Niliporudi nilikuta mama mmoja wa mlimani anatoka ndani na mjukuu wake, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa anapumua kwa mluzi. Sasa anapumua vizuri. Nikauliza amewahi vipi, nilikuwa nimempa thelathini na moja. Akasema, "Yule bwana pale tumebadilishana. Kasema yeye ana gesi tu." Baba alikuwa ameegemea ukuta, kofia usoni. Nikadhani amelala.

Escalera alitoka akamkuta ameshakata roho, ile thelathini na moja mkononi. Akaniangalia mimi, akaangalia namba. Akanishika mabega mbele ya watu wote akasema kwa sauti, "Mmeona? Huyu hakumpendelea hata baba yake mzazi." Watu wakaanza kulia. Mama mmoja akanibusu mkono. Na mimi sikusema kitu. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza kesho yake, na baada ya hapo ikawa ni ukweli wa mji mzima. Nilipomwambia mzee aandike jambo moja, siku na mahali, nilijua ataandika lipi. Nilijua, na nikamwacha aandike.

Kwenye usaili waliniuliza hilo sehemu tatu. Mbili za kwanza nilisema ndiyo. Niliinamisha kichwa nikasema ndiyo, nilimpa thelathini na moja, nao wakaniheshimu sana na kunipa chai. Ya tatu ilikuwa Hartford, ndiko ninakokutaka kuliko kote, karibu nusu ya watoto wao ni wa kwetu. Daktari mmoja mama mtu mzima alivua miwani akaniuliza, "Ulijisikiaje kumpa baba yako namba ya thelathini na moja?" Nikafungua mdomo ili niseme kama kawaida. Nikasikia natoa kitu kingine. Nikasema, "Sikumpa hiyo. Nilimpa namba ya nne kwa siri, na yeye akaitoa." Nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe hapa. Hakuandika kitu. Akavaa miwani, akasema asante, akanipeleka kunionyesha chumba wanachokula wauguzi.

Mwezi ujao tunapanga hospitali tunazozitaka, nao wanapanga majina yetu, kompyuta inalinganisha. Hartford nitaiweka ya kwanza, ingawa najua wameshanifuta. Sasa umejua. Kama ukitaka kunikasirikia, kasirika, lakini nijibu.

Anaís

*

Allentown, 18 Machi 2019

Anaís,

Mungu akubariki, Daktari.

Mama yako alinipigia Ijumaa, naona hata bahasha ya majibu hujamaliza kuichana. Alikuwa anapiga kelele "Hartford! Hartford!" na nyuma yake bibi anauliza Hartford ni nani. Nilikaa chini jikoni nikalia, jirani akadhani nimeudhiwa na tarumbeta akaacha kupiga. Sikumsahihisha.

Wiki saba sikukujibu. Si kwamba barua ilipotea, ilifika. Niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Kila nilipoanza kukujibu nilikuwa naandika matusi, na matusi hayaendi kwa posta.

Basi nikuambie wazi. Nimekasirika. Umenidanganya mwaka mmoja na miezi. Siku zile tisa za droo, nilikuchukia. Nilisoma kwa mwandiko wa Escalera kwamba ulimpanga kaka yangu thelathini na moja, na yeye anaandika hivyo kama sifa, kwa maneno mazuri, na mimi nimesimama na koti langu bado mwilini nasema, mtoto gani huyu? Amejifunza wapi roho hii? Nilitaka barua isifike popote. Nilitaka ukose. Hayo nimeyafikiria mimi, mtu aliyekubeba ubatizoni, na itabidi niishi nayo.

Escalera lazima umwambie. Panda mwenyewe, kabla hujahamia huku, ukae naye, umwambie uso kwa uso. Ataumia. Atakasirika kwamba amewaandikia watu kitu kisicho kweli, yeye anayejali sana saini yake. Mwache akasirike. Na zile hospitali mbili ulizoziambia ndiyo, hizo zimeshapita, lakini usiniambie tena kwamba walikupa chai.

Hartford ni saa tatu na nusu kutoka kwangu kwa gari. Utakuja Jumapili ukiwa huna zamu. Nitapika wali wa mbaazi, na utaniambia tena habari za benchi lile, polepole, tangu gari la jirani liliposimama. Alivaa shati gani. Alimwambiaje yule mama. Nataka nijue kama alitabasamu alipombadilishia, maana Miro akikudanganya alikuwa anatabasamu upande mmoja.

Na acha kujiuliza ungefanya nini zaidi. Nimejiuliza kwa niaba yako wiki saba nzima. Ningekuwa mimi pale mlangoni, nisingeona haya na nisingeficha. Ningempa namba ya kwanza mbele ya watu wote. Na yeye angeigawa vilevile.

Shangazi yako,
Zoraida